Kohozi, Rangi na Mkono Uliotulia

Kohozi linalofaa kupimwa ni zito, lina ute na vipande vya njano au kijani, na limetoka chini kabisa kifuani. Mate hayafai. Mtaalamu ninayemtazama kazini, katika maabara moja ya upande wa Kilwa, huitambua tofauti hiyo kabla hajafungua kifuniko. Hukiinua kikopo usawa wa dirisha, hukiinamisha polepole, kisha huangalia kilichomo kinavyoteleza. Kikikimbia upesi na kuacha povu ukingoni, anajua ni mate.

Kikopo cha kwanza asubuhi hii kimetoka Miteja, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi, kusini ya Somanga, kwenye mikorosho na mashamba ya ufuta. Kimekuja na bodaboda ndani ya kisanduku cha baridi, na fomu yake imewekwa kando kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe. Kikopo cha pili kimeletwa na mwenyewe, bibi aliyesindikizwa na mjukuu wake. Hicho ndicho chenye povu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, haya ni mate. Mimi nataka yale yanayotoka huku," anasema, kiganja kikiwa kifuani. "Toka pale nje penye upepo. Sukutua kwa maji, vuta pumzi ndani mara mbili tatu, kisha kohoa kwa nguvu. Hakuna haraka, nitakungoja."

Bibi anakwenda, anakohoa, anarudi na kitu chenyewe. Mtaalamu anamshukuru na kumkalisha kivulini. Kipimo kimeshaanza, ingawa hakuna rangi iliyomiminwa wala hadubini iliyowashwa. Sampuli mbovu haitengenezwi na mashine yoyote, na maneno yale machache aliyoyasema kwa upole yana uzito sawa na kemikali zote zilizo kabatini.

Kinachotafutwa ni bakteria wa kifua kikuu, yule ambaye Robert Koch aliutangazia ulimwengu kumgundua tarehe 24 Machi 1882. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Ni nchi hii pia iliyoanzisha mpango wake wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, wakati wa kazi kubwa ya daktari Karel Styblo, na utaratibu uliojengwa hapa ukaja kuigwa duniani. Msingi wa utaratibu ule ulikuwa kohozi kwenye kioo na mtu wa kulisoma.

Kazi mezani inaanza kwa kuandika. Slaidi ina ncha moja iliyokwaruzwa, na hapo anaandika namba ya maabara kwa kalamu ya risasi. Wino ungeyeyuka kwenye spiriti baadaye, na slaidi ikabaki haina mwenyewe. Namba hiyo hiyo iko kwenye fomu, kwenye daftari na ubavuni mwa kikopo. Haiandikwi kwenye kifuniko, maana vifuniko huweza kubadilishana mezani, na mtu wa Miteja akapewa majibu ya mtu wa Njinjo.

Anavaa barakoa na glovu, anakaa mahali ambapo upepo wa dirishani unapita nyuma yake kwenda mbele. Anachukua kijiti cha mbao na kukivunja, kwa sababu ncha iliyovunjika ina nyuzi zinazokamata ute. Anaingiza kijiti kikopeni na kuchagua. Hachoti popote. Anatafuta kile kipande cha njano, anakizungusha mpaka kijishike, anakitoa bila kugusa ukingo. Mkono wake hauna mtikisiko, na hauharakishi, kwa kuwa kohozi likirushwa kwa ghafla huacha matone madogo hewani, na matone hayo ndiyo njia ya ugonjwa.

Chini ya slaidi ameweka kipande cha karatasi chenye umbo la yai lililochorwa, urefu wa sentimita 2 na upana wa sentimita 1. Analifuata umbo hilo. Anatandaza kohozi kwa miduara midogo midogo inayopandana, kutoka katikati kwenda nje, kisha anarudi ndani, mpaka utando unakuwa sawa pote. Kijiti kinatupwa kwenye chombo chenye dawa ya kuua vimelea; kila kikopo na kijiti chake. Utando ukiwa mnene, rangi itanasa ndani na kung'aa ovyo. Ukiwa mwembamba mno, bakteria watakuwa wachache wa kuonekana. Kipimo chake cha unene ni gazeti kuukuu: utando ukishakauka, anaiweka slaidi juu ya habari na kujaribu kuisoma. Herufi zikionekana kwa ukungu kidogo lakini zikasomeka, ameridhika.

Nilimwona akiikataa moja aliyoitandaza mwenyewe. Hakusema kitu. Aliiweka kando, akachukua kioo kingine, akaandika namba upya, akaanza tena.

Slaidi hukauka zenyewe, kivulini, kwa dakika 15 hadi 30. Hapo ndipo asiye mvumilivu huharibu, akizipitisha motoni zingali mbichi. Zikikauka, anawasha taa ya spiriti na kuipitisha kila moja juu ya mwali mara tatu, upande wa utando ukiwa juu, kwa mwendo ule ule. Joto hilo huushikilia utando kwenye kioo. Likizidi, huukaanga.

Sasa ndipo rangi inapotolewa. Imo kwenye chupa ya kahawia, ndani ya kabati lililofungwa, kwa kuwa mwanga huidhoofisha. Jina lake ni auramini, na imetumika kutafutia kifua kikuu tangu miaka ya 1930. Iliyomo chupani ni asilimia 0.1 tu, ikiwa na fenoli inayoisaidia kupenya. Anazipanga slaidi juu ya fito mbili zilizolala kwenye sinki, akiacha nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine ili rangi ya mgonjwa mmoja isimwagikie ya mwingine. Mbili kati ya hizo si za mgonjwa yeyote wa leo. Moja inajulikana kuwa na bakteria na nyingine inajulikana kuwa haina, na zitapita kila hatua pamoja na zile nyingine. Ya kwanza ikikataa kung'aa, au ya pili ikang'aa, kazi yote ya siku inarudiwa.

Anamimina rangi kupitia karatasi ya kuchujia, anafunika utando wote, anaweka saa: dakika 20. Kwa njia ya zamani, ile ya Ziehl na Neelsen yenye rangi nyekundu, angekuwa anachemsha slaidi kwa chini mpaka mvuke upande. Auramini haihitaji moto. Inahitaji kuachwa.

Katika dakika hizo 20, kwenye sinki hakuna kinachoonekana kutendeka, na ndiko liliko jambo ninalolistaajabia zaidi. Molekuli ya auramini ikiwa huru majini hujisokota bila kukoma. Ukiimulika kwa mwanga wa bluu, nguvu iliyoipokea hupotelea kwenye msokoto huo, na mng'ao unaotoka ni hafifu mno. Lakini bakteria wa kifua kikuu ana ukuta wa nta, mnene, wa aina ambayo bakteria wengi hawana. Molekuli ikijipenyeza humo hukosa nafasi ya kujisokota. Mtoto anayefurukuta hutulia akifungwa mgongoni kwa kanga, na ndivyo rangi hii inavyotulizwa na nta. Nguvu ile ile iliyokuwa ikipotea sasa haina pa kwenda, ikatoka kwa namna ya mwanga wa kijani-manjano. Kwa hiyo rangi haipaki tu. Inatoa taarifa kwamba imeshikwa na kitu.

Sayansi ya mng'ao wa namna hii, fluoresensi, ilipewa jina na George Gabriel Stokes mwaka 1852. Kabla yake, mwaka 1845, John Herschel alikuwa ameeleza jinsi maji yenye kwinini yanavyotoa bluu yakipigwa na jua. Kwinini, dawa chungu ya malaria ambayo wazee wa pwani hii wanaikumbuka vizuri, ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuwafunza wataalamu kwamba kemikali inaweza kupokea mwanga wa aina moja na kurudisha wa aina nyingine.

Saa inalia. Anasuuza, na maji hayaelekezwi kwenye utando wenyewe. Yanaanguka pembeni, yakatiririka juu yake kwa ulaini. Anatumia maji yaliyotoneshwa, kwa kuwa klorini ya bombani inaweza kuuharibu mng'ao. Baada ya hapo anamimina spiriti yenye tindikali kwa dakika 2. Hatua hii ni ya kunyang'anya. Spiriti inaing'oa rangi kutoka kwenye seli za mgonjwa, kwenye ute, kwenye bakteria wa kinywani, na kila asiye na ukuta wa nta anaachia. Bakteria wa kifua kikuu hang'olewi kirahisi. Halafu inakuja pamanganeti, ya zambarau, dakika 1 tu, kuzima kilichobaki ili nyuma pawe peusi. Pamanganeti ikikaa zaidi huanza kuwazima hata wale wanaotafutwa. Nilimwona amesimama, saa mkononi, jicho kwenye mshale wa sekunde, maji tayari katika mkono wa pili. Dakika ilipotimia maji yalishaanguka.

Slaidi zinasimamishwa zikauke, mbali na jua. Zisomwe leo, maana mng'ao hufifia.

Kwa miongo mingi njia hii ilikuwa ya hospitali kubwa pekee. Hadubini ya mng'ao ilitaka taa ya zebaki, ghali, inayodumu saa mia chache, yenye joto kali, na chumba cha giza kabisa. Vituo vya mikoani vilibaki na njia ya Ziehl na Neelsen, ambayo msomaji huhitaji kukuza mara 1,000 kwa mafuta na kupitia sehemu mia moja za slaidi. Kilichovunja ukuta huo ni taa ya LED ya bluu, ile ile iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Taa hiyo hudumu zaidi ya saa 10,000, haichomi, na inaweza kuendeshwa kwa betri. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilichapisha sera ya kupendekeza hadubini za LED zichukue nafasi ya zile za zamani. Kwa wastani, mng'ao huona wagonjwa karibu asilimia 10 zaidi ya rangi nyekundu, na kwa muda mfupi zaidi.

Betri si jambo dogo huku. Mei 2024 mvua zilizokuja na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi katika wilaya hii ya Kilwa, na magari yakalala njiani. Siku za namna hiyo, maabara inayoweza kusoma kohozi bila kusubiri kitu kutoka mbali ina thamani yake.

Anavuta pazia, anakaa, na hafanyi lolote kwa muda. Macho yanapaswa kwanza kulizoea giza. Kisha anaweka slaidi, anaanza ukingo wa kushoto, katikati ya utando, kwa ukuzaji wa mara 200, na kupanda hadi 400 anapotaka uhakika. Mkono mmoja unasogeza slaidi, mwingine haubanduki kwenye skrubu ya kurekebisha ukali wa picha, ukienda mbele na nyuma kwa kiasi cha nywele, maana utando una kina na bakteria anaweza kuwa amelala juu au chini. Duara baada ya duara, mstari mzima wa sentimita 2. Kwa ukuzaji wa mara 400 ni maduara kama 40 ya kutazama.

Ananipisha nitazame. Nyuma peusi. Juu yake kipo kijiti chembamba cha kijani-manjano, kimepinda kidogo, na karibu nacho viwili vimegusana ncha vikafanya pembe. Ni slaidi ya Miteja. Mahali pengine kinang'aa kitu kikubwa, kikali kuliko vyote, nami nikadhani ndicho.

"Hicho hapana," anasema. "Kinawaka sana lakini hakina umbo. Tazama kingo zake. Huenda ni uchafu tu, au chembe ya rangi. Usifuate kinachowaka, fuata umbo."

Hapo ndipo ustadi wake ulipo. Kemikali imefanya sehemu yake, imewasha kilichoishika. Kuamua kama kilichowaka ni ugonjwa, hilo ni la jicho lililotazama maelfu ya slaidi, na uamuzi huo unampeleka mtu kwenye miezi 6 ya dawa au unamrudisha nyumbani.

Slaidi iliyojaa bakteria husomwa haraka. Duara chache tu na jibu linajulikana. Isiyo na kitu ndiyo inayokula muda. Lazima apite mstari wote, duara la 38 kwa uangalifu ule ule wa duara la kwanza, ndipo aandike kwamba hakuna kilichoonekana. Na hata hapo anajua mpaka wa kipimo chake: kohozi linahitaji kuwa na bakteria 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ndipo waonekane kwa uhakika. Hatupi slaidi zake. Anazipanga kisandukuni kwa mfuatano, na msimamizi atachagua baadhi zisomwe upya na mtu asiyejua yeye aliandika nini. Anazungumzia utaratibu huo kwa heshima.

Leo mgonjwa mpya hupimwa kwanza kwa mashine ya GeneXpert pale ilipo. Nayo ni kazi ya mng'ao: ndani ya katriji vimo vipande vya DNA vilivyotengenezwa, kila kimoja na rangi iliyozimwa, na kikikutana na jeni la bakteria hufunguka na kuwaka. Ubunifu huo ulitangazwa na Sanjay Tyagi na Fred Kramer mwaka 1996, na mashine hiyo ilifanyiwa majaribio mapema nchini kwetu, Mbeya. Inaona bakteria wachache zaidi na inatambua usugu wa dawa ya rifampisini. Lakini katriji moja ilikuwa dola 7.97 hata baada ya bei kushuka mwaka 2023, na inataka umeme wa kutegemewa. Tena haiwezi kufuatilia matibabu, kwa kuwa husoma DNA hata ya bakteria aliyekwisha kufa. Kufuatilia ndiko hadubini inakoendelea kuhitajika.

Hata auramini, kusema kweli, ina kasoro hiyo. Nta ya mfu hushika rangi sawa na nta ya aliye hai. Ndiyo maana nimeifuatilia kwa hamu kazi ya Mireille Kamariza, mwanakemia aliyezaliwa na kukulia Burundi kabla ya kuhamia Marekani. Akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, katika maabara ya Carolyn Bertozzi aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2022, alitengeneza rangi iliyofungwa kwenye trehalosi, sukari ambayo bakteria huyu huitumia kujenga ukuta wake na mwili wa binadamu hauitengenezi. Bakteria aliye hai huichukua sukari, huijenga ukutani, na rangi inapotoka majini na kuingia kwenye mafuta mng'ao wake hupanda zaidi ya mara 700. Aliyekufa hajengi, kwa hiyo haangazi. Hakuna kusuuza, hakuna tindikali, na mng'ao huonekana ndani ya dakika chache. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, yakihusisha makohozi ya wagonjwa wa Afrika Kusini, na rangi hiyo ilionyesha bakteria kwa kiwango kinacholingana na auramini. Bado ni rangi ya watafiti. Ninaitakia ifike kwenye kabati hili.

Ikifika, itamkuta mtu aliye tayari. Nilimwuliza mtaalamu kama angefurahi kuondolewa tindikali na pamanganeti. Alicheka, akasema angefurahi sana, ila kijiti na gazeti hamwachii mtu. Nadhani yuko sahihi. Kila rangi mpya itahitaji utando uliotandazwa sawasawa na kohozi lililotoka kifuani.

Mchana aliandika majibu kwa herufi kubwa zinazosomeka, akapiga simu kwanza kituo kilichotuma kikopo cha Miteja ili mgonjwa aitwe mapema aanze dawa. Slaidi ya bibi haikuonyesha kitu, na kikopo chake kikapelekwa mahali penye mashine kwa uhakika zaidi.

Msomaji, ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako amekohoa kwa wiki 2 au zaidi, anatoka jasho usiku au anapungua uzito, nendeni kituo cha afya kilicho karibu. Kipimo cha kifua kikuu na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Ukipewa kikopo, uliza namna ya kutoa kohozi. Na ukiambiwa ungoje, ngoja, maana kuna mtu ameshika saa mkononi kwa ajili yako.